Skwota wa 1918 na Skwota wa Leo

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inaeleza kwamba skwota ni mtu anayekaa kwenye ardhi ambayo kisheria ni ya mwingine, bila ridhaa ya mwenyewe. Nimeisoma tafsiri hiyo mara nyingi hapa Chwele na moyo wangu haujawahi kuikubali. Kuka yangu, maana hivyo ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita babu, alikuwa skwota upande wa Kitale, na hakukaa pale hata siku moja bila ridhaa ya mwenye shamba. Ridhaa hiyo iliandikwa. Alitia dole gumba kwenye mkataba mbele ya ofisa wa serikali, mkataba uliotaja siku atakazomfanyia Mzungu kazi, kipande atakacholima na ng'ombe atakaoruhusiwa kuwalisha. Kwa Kiingereza cha serikali ya wakati ule, mtu aliyetia dole kwenye karatasi kama hiyo ndiye hasa aliyeitwa "squatter". Kwa Kiingereza cha serikali ya leo, neno hilo hilo ni la mtu asiye na karatasi yoyote.

Nilifundisha Kiingereza katika shule za msingi za huku Kabuchai hadi nilipostaafu, pamoja na somo tulilokuwa tukiliita GHC, yaani Jiografia, Historia na Uraia. Kazi yangu kubwa kwenye Kiingereza ilikuwa kutenganisha maneno yanayofanana. Nilikuwa nikipiga mstari katikati ya ubao: "borrow" huku na "lend" kule, "hear" huku na "listen" kule, "house" na "home". Mtoto aliyezoea kusema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu" haoni sababu ya kuwa na maneno mawili, na ilibidi nirudie mpaka sauti inikauke. Maneno hayo yaliulizwa kwenye mtihani. Lakini yale yaliyowahamisha watu wetu na mifugo yao, yaliyoamua nani ana shamba na nani anafukuzwa, sikuwahi kuyaona kwenye karatasi ya mtihani hata mwaka mmoja: "settler", "squatter", "tenant", "labourer". Historia ya ardhi kati ya Bungoma na Kitale imo ndani ya maneno hayo manne.

Tuanze na "settler" na "squatter", kwa sababu asili yao ni karibu mno. Yote mawili ni namna za kukaa. La kwanza lina ukoo mmoja na "seat", kiti. Ni mtu aliyeketi akatulia. La pili linatoka kwenye kuchutama, mkao wa mtu ambaye hajakalia kitu na anaweza kuinuliwa wakati wowote. Huko Marekani, mwishoni mwa karne ya 18, neno "squatter" lilitumika kwa Mzungu aliyejipenyeza kwenye ardhi asiyo na hati yake. Australia katika karne ya 19 lilikuwa jina la tajiri: mfugaji aliyelisha maelfu ya kondoo kwenye ardhi ya Mfalme, akajenga jumba, akaingia bungeni, na watu wakamvulia kofia. Afrika Kusini ndiko lilikogeuzwa kuwa jina la Mwafrika anayeishi kwenye shamba la Mzungu kwa masharti ya kumfanyia kazi, na ni kutoka Afrika Kusini lilikoletwa kwetu. Neno moja, makoloni tofauti, na maana yake ikafuata rangi ya ngozi ya anayeitwa. Sisi kwa Kiswahili tulimwita yule wa kwanza mlowezi au setla, na yule wa pili tukamwachia jina lake la kigeni, skwota, kana kwamba hatukutaka kumtafutia jina letu.

Nyanda za Trans Nzoia hazikuwa tupu Wazungu walipofika. Malisho yale yalijulikana na Wasabaot na Wamaasai wa Uasin Gishu, na Wabukusu walikuwa na madai yao juu ya ardhi iliyo ng'ambo ya mipaka waliyochorewa, madai waliyoyapeleka hata mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyokaa mwaka 1932. Mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi Wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, ulioanza mwaka 1919, ulileta walowezi wengi. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda sokoni, na shamba la ekari elfu moja halilimwi na mtu na mkewe. Wafanyakazi walihitajika. Huku chini, Wabukusu walidaiwa kodi ya serikali kwa fedha taslimu, na wafugaji wengine walikuwa wakitamani majani mapya. Ndipo watu wa Chwele, Kimilili na Malakisi walipokusanya ng'ombe, wake na vyungu, wakapita Kamukuywa kuelekea Kitale.

Wengine walifanya mapatano rahisi na Wazungu wasio na mtaji: mimi nipe mahali pa kulisha, nawe utapata maziwa, samadi au shilingi kadhaa. Hayo kwa Kiingereza chochote ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Walowezi wakubwa hawakuyapenda. Mwafrika anayelipa kodi ya pango ana haki fulani, na tena, akishalipa, halazimiki kuamka alfajiri kwenda kupalilia mahindi ya mtu. Kwa hiyo mwaka 1918 ikatungwa sheria iliyoitwa "Resident Natives Ordinance", wenyeji wakaaji. Kulipa pango kwa fedha au kwa mazao kukakatazwa. Mwafrika angekaa kwenye shamba la Mzungu kwa malipo ya aina moja tu, nguvu zake, siku zisizopungua 180 kwa mwaka.

Hapa nawaomba wasomaji tutulie kidogo, maana ndipo hila ilipo. Mlowezi mwenyewe alikuwa na hati gani? Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1915 ilimpa ardhi hiyo kwa miaka 999. Hati ya miaka 999 ni hati ya kukodi. Mwenye hati ya kukodi, ukifungua kitabu chochote cha sheria ya Kiingereza, ni "tenant", mpangaji wa Mfalme. Mzungu wa Kitale alikuwa mpangaji. Lakini hakuna aliyemwita hivyo, si gazetini, si barazani, si katika barua za ofisi ya DC. Aliitwa "farmer", aliitwa "owner", aliitwa "settler". Neno "tenant" likaachwa wazi, na Mwafrika aliyelikaribia akafungiwa mlango kwa sheria ya 1918.

Na waliobaki nyumbani, huku Chwele, kwenye kile kilichoitwa "native reserve"? Mwaka 1920 Himaya ya Afrika Mashariki, isipokuwa ukanda wa pwani, iligeuzwa kuwa Koloni la Kenya. "Protectorate" na "colony" ni maneno ambayo mtoto wa darasa la saba anaweza kuyachanganya bila kuadhibiwa. Mahakama haikuyachanganya. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Jacob Barth, katika kesi ya Wakikuyu waliogombania shamba, aliamua kwamba haki za Waafrika juu ya ardhi zilikuwa zimefutika, na kwamba wao sasa walikuwa "tenants at will of the Crown". Hatimaye Mwafrika akapewa neno "tenant", lakini likiwa limefungwa mkia: mpangaji kwa hiari, na hiari yenyewe ni ya Mfalme. Wa Kitale alikuwa mpangaji wa miaka 999. Wa Chwele alikuwa mpangaji mpaka atakapoambiwa ondoka. Maneno mawili madogo, "at will", ndiyo yaliyowatenganisha, na wazee waliokuwa wakilima mtama na wimbi chini ya Mlima Elgon hawakuwahi kuambiwa kwamba yamesemwa.

Sheria ya 1918 iliandikwa upya mwaka 1925, na jina lake likaongezwa neno moja. Badala ya wenyeji wakaaji, sasa ni "Resident Native Labourers", wenyeji wakaaji vibarua. Mwaka 1937 ikaandikwa tena, neno "Native" likaondolewa likabaki "Resident Labourers", wakaaji vibarua, na safari hii ikatamka waziwazi: skwota si mpangaji, ni mfanyakazi anayeruhusiwa kutumia ardhi kwa sababu ya kazi yake. Kazi ikiisha, ruhusa imeisha. Halmashauri za wilaya, zilizokuwa mikononi mwa walowezi, zikapewa mamlaka ya kupunguza ekari za skwota, kupunguza mifugo yake, na kuongeza siku za kazi hadi 270. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1940. Fuateni majina hayo matatu kwa mpangilio wake: mtu anaanza akiwa mkaaji, anakuwa mkaaji kibarua, kisha anatangazwa kuwa kibarua tu ambaye kukaa kwake ni fadhila. Yumo kwenye nyumba ile ile ya udongo na watoto wake wamezaliwa hapo. Kilichohama ni neno.

Kuka alikuwa huko wakati huo. Alikuwa na ng'ombe wengi kuliko aliokwenda nao, kwa sababu majani ya Trans Nzoia yalikuwa mazuri, na kwa Mbukusu ng'ombe ndio mahari ya wana, ndio heshima ya matanga, ndio benki. Amri ya kupunguza mifugo ilipofika alikuwa na njia mbili. Angewauza kwa bei aliyotajiwa, au angewarudisha rizavu ambako ndugu zake walikuwa wamebanana. Aliwauza wengine na wengine akawaswaga kurudi Chwele, na kukhu, bibi yangu, alisimulia mpaka uzeeni jinsi ndama walivyofia njiani. Alirudi na kipande chake shingoni, ile kebe ya bati yenye karatasi ya alama za vidole ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba baada ya Vita vya Kwanza, hadi ilipoondolewa mwaka 1947. Kwenye mkataba wake hakuwa mpangaji, kwa hiyo hakudai fidia ya nyumba wala ya miti aliyopanda.

Neno "reserve" nalo lina ndugu anayestahili kutajwa. Serikali iliandika "native reserve" kwa ajili ya watu, na "forest reserve" na "game reserve" kwa ajili ya miti na wanyama. Ni neno moja, lenye maana ya kilichotengwa na kuwekwa akiba. Huko juu ya mlima wetu, Chepkitale, watu na wanyama walikuja kukutana ndani ya neno hilo: mwaka 1968 eneo hilo likatangazwa hifadhi ya wanyama, na jamii iliyokuwa ikifuga huko, wale wanaojiita Ogiek na ambao wengine huwaita Wandorobo au Wamosop, ikaambiwa ishuke.

Siwezi kuandika juu ya maskwota wa Kitale nisimtaje Elijah Masinde wa Kimilili, kwa kuwa Dini ya Msambwa aliyoiongoza ilipata wafuasi wengi miongoni mwao. Jina la harakati hiyo linaanza na neno dini. Maofisa waliandika "sect" na "cult" kwenye ripoti zao, na walipoipiga marufuku mwaka 1948 waliipiga kama "society", chama kisicho halali. Kabla ya hapo Masinde mwenyewe alikuwa ameandikwa mgonjwa wa akili na kufungiwa hospitali ya Mathari kuanzia 1945 hadi 1947, kwa hiyo maneno yake juu ya ardhi yakawa maneno ya mgonjwa. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake pale Malakisi, wakafa watu 11. Wazee wa Chwele waliomjua walimwita nabii, wengine mkaidi. Sikuwahi kusikia mmoja wao akimwita mwendawazimu.

Uhuru ulipokaribia, walowezi walianza kuuza. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962, na neno "settlement" likageuka upande: sasa walioitwa wa kutulizwa kwenye ardhi ni Waafrika. Wabukusu wengi walinunua mashamba Trans Nzoia kupitia vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, na kuna familia hapa sokoni Chwele ambazo vitunguu na ndizi zao vilichangia shamba la kule. Lakini wengi walipewa cheti cha hisa wakadhani ni hatimiliki. "Share" na "title" si kitu kimoja. Hisa inakufanya mwanachama wa kampuni. Kampuni ndiyo yenye ardhi. Nimeona mjane akitoa kwenye sanduku cheti kilichokunjwa mara nne, akiwa na hakika kwamba ni shamba la mumewe, na wakili akamweleza kwa upole kwamba ni karatasi ya uanachama wa kampuni isiyokuwapo tena.

Mashamba mengine makubwa ya Trans Nzoia hayakugawanywa. Yalichukuliwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, na waliokuwa wakifanya kazi na kuishi humo wakaendelea kuishi humo pamoja na watoto wao. Wakabaki na jina lao, skwota. Hakuna aliyewaambia kwamba maana ya jina hilo imebadilika chini ya miguu yao. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1950 kwa skwota mwenye mkataba alifikia uzee wake akiwa skwota kwa maana ya mvamizi, bila kuhama hata hatua moja.

Tulilipata somo jingine la maneno mnamo 2006 hadi 2008, na hili nililiona mwenyewe. Mzozo wa mgao wa ardhi ya Chebyuk, mpango uliobuniwa miaka ya mwanzo ya 1970 kwa ajili ya walioteremshwa kutoka Chepkitale, ulizaa kundi la Sabaot Land Defence Force, na mwezi Machi 2008 jeshi likaingia mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha. Makumi ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Walishuka hadi vituo vya chini, Chwele ikiwemo, wakiwa na magodoro kichwani. Sisi tuliwaita wakimbizi, kwa sababu walikuwa wamekimbia. Kiingereza cha mashirika hakikuwaita "refugees". Kwa mujibu wa Mkataba wa mwaka 1951 mkimbizi ni lazima awe amevuka mpaka wa nchi; aliyekimbia kutoka Kopsiro hadi Chwele ni "internally displaced person", na ulinzi wake uko mikononi mwa serikali yake mwenyewe. Kenya ilipata sheria maalumu ya watu hao mwaka 2012. Lakini kuna waliokatwa hata kwenye orodha hiyo. Kwa kuwa mgao wa Chebyuk ulikuwa umebatilishwa na kurudiwa, baadhi ya familia ziliambiwa hazikuwa na ardhi ya kupoteza, kwamba walikuwa maskwota tu kabla ya vita. Mama mmoja aliyepanga chumba karibu na shule niliyofundisha aliniuliza, "Mwalimu, mtu akichomewa nyumba, nyumba haikuwa yake?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuna jambo la sheria ambalo watu wengi wa Kitale na Bungoma hawalijui, na linaonyesha jinsi maneno haya yanavyoweza kumbana mtu pande mbili. Sheria yetu ya ukomo wa mashauri inaruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12, waziwazi na bila ruhusa, kwenda mahakamani kuidai. Sharti ni kwamba awe amekaa bila ruhusa. Aliyeruhusiwa, hata miaka 60, hana dai, kwa sababu kukaa kwake hakukumpinga mwenye shamba. Ardhi ya umma nayo haiguswi kabisa na kanuni hiyo. Sasa mchukueni mjukuu wa skwota wa mkataba. Akienda mahakamani kudai kwa njia hii, anaweza kuambiwa kwamba babu yake alikuwa na ruhusa, basi hana dai. Akibaki nyumbani kwake, anaweza kufurushwa kwa sababu Sheria ya Ardhi inasema skwota ni asiye na ruhusa. Ruhusa ile ile ya kuka inahesabiwa inapomnyima na haihesabiwi inapomlinda. Mimi nimefundisha lugha hii maisha yangu yote na naipenda, lakini sioni namna ya kukiita kitu hiki haki.

Wazee waliotia dole gumba wamekwisha. Makaratasi yao mengine bado yako kwenye masanduku ya mabati, kwenye dari, ndani ya Biblia za kukhu. Aliye nayo ayatoe, ayapige picha, asome neno lililoandikwa juu yake: ni "contract", ni "permit", ni "receipt", ni "share certificate"? Asiyekisoma Kiingereza amwite mwanawe aliye shuleni, wakae wasome pamoja kabla ya kumpa wakili au dalali. Na kwa wabunge wetu, wa Kabuchai na wa Trans Nzoia pia, ninalo ombi moja. Irekebisheni tafsiri ya skwota kwenye Sheria ya Ardhi ya 2012. Watengeni walioingia shamba la mtu kwa kuvamia na wale ambao wazazi wao waliingizwa kwa mkataba wa serikali chini ya sheria za 1918, 1925 na 1937. Kundi la pili lipewe jina lake lenyewe na haki ya kusikilizwa kabla ya kuondolewa. Kazi ya kubadilisha kifungu kimoja cha sheria ni ndogo, na ni Bunge pekee linaloweza kuifanya.